Siku Nilipomtukana Hakimu kwa Maneno ya Mpiga Rangi

Kabla hamjafika mbali, naomba radhi kwa mwandiko huu unaopanda na kushuka kama njia za mtaa wetu wa Kisugu hapa Kampala, na kwa herufi zitakazokuwa zimekosewa au kusahauliwa. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo kazi yangu imekuwa ya mdomo, si ya mkono. Naandika polepole sana. Mke wangu akipita na kunikuta bado niko kwenye mstari uleule huniuliza kama nachonga jiwe la kaburi.

Vijana wa chumba cha wakalimani wameniomba niwaandikie machache ya miaka yangu ya kazi. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini wala kwa nini sikupandishwa. Kilichonifanya nishike kalamu ni ile hukumu ya karibuni ya mahakama ya juu, ambayo nasikia mnaibishania wakati wa chai. Inasema hakimu akitukanwa mahakamani asimfunge aliyemtukana papo hapo. Ampe nafasi ya kujitetea au kuomba msamaha, na ikiwezekana amwachie shauri hilo hakimu mwingine ambaye hakutukanwa. Nimesomewa pia maoni ya mawakili magazetini. Wanasema mtu mmoja hawezi kuwa mlalamikaji, shahidi, mwendesha mashtaka na hakimu kwa pamoja. Ni kweli kabisa. Mmoja wao akaongeza kwamba madaraka yale ya kufunga papo hapo hayajawahi kumsaidia raia yeyote. Hilo nalo ni karibu kweli. Mimi namjua raia mmoja.

Nilianza kazi wakati wa serikali ya kijeshi, nikiwa kijana mwenye haya kupita kiasi. Baba alikuwa na duka la vitambaa Kisugu, na kila mteja alipoingia mimi nilikumbuka kazi ya haraka huko stoo. Lakini lugha nilikuwa nazo. Kiswahili tulikizungumza nyumbani, kwa kuwa babu yangu aliletwa huku na biashara kutoka pwani. Luganda niliipata mtaani kwa watoto wenzangu. Mahakama ndogo ya upande wa Makindye ilipokosa mkalimani, mzee mmoja wa msikitini kwetu, Mzee Farajala, alimwambia baba, "Nipe huyo anayejificha stoo. Mtu asiyesema sana atasikia vizuri."

Mzee Farajala ndiye aliyekuwa mkalimani mkuu pale. Alikuwa Mnubi, mjukuu wa askari wa zamani, mrefu, mwenye kofia iliyofuliwa mpaka ikasahau rangi yake. Luganda yake mwenyewe aliiita ya sokoni, inatosha kununua muhogo lakini haitoshi kumfunga mtu. Kwa hiyo tulifanya kazi kwa mnyororo. Mshitakiwa alisema kwa Luganda, mimi nikatoa kwa Kiswahili, Mzee akachukua Kiswahili changu na kukipeleka kwa Kiingereza, hakimu akaandika. Swali la hakimu lilirudi kwa njia ileile. Watu walioshitakiwa kwa kuiba kuku walikuwa na muda wa kujutia kuku yule mara kadhaa kabla jibu lao halijafika mezani.

Siku ya kwanza kizimbani alisimama mama mmoja aliyekamatwa na pombe ya kienyeji. Akasema aliipika kwa sababu ya watoto. Mimi nikasema, kwa sauti ya mtu aliyefunikwa uso kwa mto wa kulalia, "Anasema aliipika kwa sababu ya watoto."

Mzee Farajala akaniuliza mbele ya watu wote, "Nani anasema?"

"Mama huyu, Mzee."

"Hapana. Ni wewe. Wewe ndiye uliyepika pombe. Sema."

Watu wakacheka. Nikatamani sakafu ipasuke. Nikasema, "Nilipika pombe kwa sababu ya watoto wangu." Baadaye uani alinipa kipande cha tangawizi nitafune ili koo lifunguke, akanieleza. Mkalimani akisema "anasema", amejitenga na yule mtu, amemwacha peke yake. Akisema "mimi", hakimu anamsikia mshitakiwa mwenyewe. "Ukiwa kizimbani huna haya," aliniambia, "kwa sababu wewe hupo. Yupo yeye." Sijui kama mnaelewa maneno haya yalimfanyia nini kijana kama mimi. Nyumbani sikuweza kuomba chumvi mezani kwa sauti ya kusikika. Mahakamani nilikuwa mwizi, mjane, dereva, mzinzi, na nilisikika mpaka mlangoni. Tangawizi nimeendelea nayo mpaka nilipostaafu.

Somo la pili lilikuwa kinyume cha la kwanza, na sote tulilifuata kama dini. Tusi halifiki kwa hakimu. Mshitakiwa akitukana kwa Luganda, mimi nilitakiwa kusema, "Mheshimiwa, mshitakiwa ametumia maneno yasiyofaa," basi. Mzee alijigusa kifua na kusema, "Uchafu unaishia hapa. Tukiupandisha kule juu, mtu atafungwa kwa hasira ya dakika moja." Ilikuwa desturi ya huruma. Watu wengi walirudi nyumbani kwao kwa sababu yake na hawakujua. Nasikia bado mnaifanya.

Hakimu wetu alikuwa mtu wa mashariki, mnene, mwenye kipara, mpole. Luganda hakuijua kabisa. Kiswahili alikisikia vizuri ila hakukitumia, maana alisema kinamkumbusha wanajeshi wa vizuizi vya barabarani. Mvua iliponyesha juu ya yale mabati yetu hakuna aliyemsikia mwenzake, naye aliweka kalamu chini na kutazama dirishani kwa furaha ya mtoto aliyeambiwa leo hakuna shule.

Furaha yake ilikwisha lilipoanza kuja lile gari.

Lilikuwa gari la kawaida. Liliegeshwa nje ya lango, chini ya ukuta, na ndani yake walikaa vijana wa usalama wa serikali ile, wa suruali pana na miwani ya jua. Mara ya kwanza hatukulitilia maanani. Siku hiyo utingo mmoja wa basi aliachiliwa huru, kesi yake haikuwa na ushahidi. Alitoka akimshukuru kila mtu, mpaka karani, mpaka mimi. Hakufika barabarani. Walimtia kwenye buti la gari mchana kweupe, na kufunga buti kulihitaji watu wawili kwa sababu alikuwa mrefu. Kandambili yake moja ilibaki uani. Mfagiaji aliizungukia kwa ufagio siku baada ya siku, mpaka mvua ikaichukua.

Baada ya utingo wakachukuliwa wengine. Hakuna aliyetuitia mkutano, lakini kila mmoja wetu alielewa. Aliyefungwa alipanda lori la magereza mlango wa nyuma, akiwa na askari magereza wanaojulikana kwa majina. Aliyeachiliwa alitoka mlango wa mbele, peke yake. Kwa hiyo neno "huru" likawa neno la kutisha katika mahakama yetu, na neno "rumande" likawa la heri. Inspekta Wafula, mwendesha mashtaka, askari polisi wa siku nyingi, alianza kuomba kesi ziahirishwe kwa sababu ambazo angezionea aibu mwaka uliotangulia. Shahidi anaumwa. Shahidi amefiwa. Shahidi hajulikani ni nani. Hakimu aliahirisha zote bila kumtazama usoni.

Ndipo ikaja kesi ya Kiyimba.

Kiyimba alikuwa mpiga rangi ya magari katika gereji moja pale Kisugu, mtu wa kwaya ya kanisani, mwenye rangi chini ya kucha na sauti ya upole. Gari la ofisa mmoja wa jeshi lililetwa hapo na dereva wake libadilishwe rangi, kutoka kijani kuwa nyeupe. Kiyimba akalitambua. Ile kijani aliipiga yeye mwenyewe, kwa mwenye gari, mfanyabiashara mmoja wa Kabalagala ambaye watu walikuwa hawajamwona kwa muda. Akasema mbele ya wenzake, bila kufikiri, "Hili si gari la fulani? Yeye mwenyewe yuko wapi?" Akaendelea kupiga msasa.

Gari lilipotoka, ofisa alidai redio imeibwa, akampeleka Kiyimba polisi. Kufikia hapo ilikuwa kesi ya redio tu. Lakini kisha mtu akamfikishia ofisa yale maneno ya gereji. Tangu siku hiyo hakuitaka tena kesi. Alimtaka Kiyimba.

Mlalamikaji hakuja mahakamani hata mara moja. Ninyi mnaijua sheria: mlalamikaji asipotokea, kesi inafutwa na mshitakiwa anakwenda zake. Sheria hiyo ilitungwa kumlinda mtu asiteswe na kesi ya uongo. Wakati ule ilikuwa mtego. Wao walikaa kimya nje, wakaiacha sheria imlete mtu wao mpaka langoni. Inspekta Wafula aliomba kuahirisha, akaomba tena, na gari likarudi kila tarehe ya kesi kama vile nalo liliitwa.

Mtu aliyenitesa zaidi katika kesi hii alikuwa mama yake Kiyimba. Tulimwita Nnalongo, kwa kuwa alizaa mapacha. Aliuza mkaa njiapanda karibu na nyumbani kwetu. Hakujua habari za lile gari, na mwanawe alituomba kwa macho tusimwambie, kwa sababu Nnalongo hakuwa mtu wa kunyamaza. Yeye alichoona ni mahakama ya wavivu. Alikuja kila mara na shati jeupe lililopigwa pasi, la mwanawe kuvaa siku ya kutoka.

"Shabani," aliniambia uani, "wewe si mtoto wa jirani? Mwambie huyo hakimu wenu mnene amalize. Mwenye redio haji! Hata mimi ambaye sikusoma naona."

"Wanaangalia sheria, Nnalongo."

"Wanaangalia tumbo. Na wewe umekuwa kama wao. Ulikuwa mtoto mzuri ulipokuwa huongei."

Niliangalia viatu vyangu.

Wiki hiyohiyo kulitokea kichekesho, nakitaja kwa sababu kina kazi yake. Mlevi mmoja aliletwa kwa fujo za baa ya Kabalagala, bado hajalevuka vizuri. Kiyimba alikuwa kwenye benchi la mahabusu akingoja zamu yake. Mlevi alimtazama Hakimu kwa muda mrefu, kisha akasema mwenyewe kwa Kiswahili, bila kumngoja mkalimani, "Wewe na kipara chako, mimi nakujua! Wewe ndio ulikunywa bia yangu!" Watu waliangua kicheko. Hakimu, ambaye siku hizo hakuwa na kicheko kilichobaki, alimfunga hapohapo kwa kudharau mahakama. Kabla hatujamaliza kucheka, mlevi alikuwa amepitishwa mlango wa nyuma, amepanda lori. Mahabusu wote walicheka, isipokuwa Kiyimba. Yeye aliutazama ule mlango wa nyuma.

Tarehe iliyofuata Inspekta Wafula alitukuta mimi na Mzee Farajala chumba cha wakalimani. Alishika kikombe cha chai bila kunywa.

"Ile ya mpiga rangi," alisema. "Jana walikuja ofisini kwangu. Nimeambiwa leo niondoe shtaka. Nikiomba kuahirisha tena, naondoka nao mimi."

Mzee Farajala akamwuliza, "Una watoto wangapi, Inspekta?"

"Unawajua wote, Mzee."

"Basi ondoa shtaka," Mzee akasema. Nilitafuna tangawizi mpaka ulimi ukafa ganzi.

Siku hiyo hawakungoja kwenye gari. Waliingia ndani wakakaa benchi la nyuma, watatu. Katikati alikaa mmoja wa viatu vya kisigino kirefu, mguu juu ya mguu, na kandoni mwake yule dereva aliyeleta gari gereji. Kiyimba alipopandishwa kizimbani alimwona dereva, nami niliyesimama karibu naye niliona mikono yake ikishika ubao. Nnalongo alikuwa benchi la mbele na shati lake magotini.

Inspekta alisimama. Alisoma haraka, kama mtu anayemeza dawa. Upande wa mashtaka hauna nia ya kuendelea. Unaomba kuondoa shtaka.

Hakimu hakuandika. Alitazama madirisha, lakini jua lilikuwa linawaka na mabati yalikuwa kimya. Sheria haikumwachia pa kushika. Mwendesha mashtaka akiondoa shtaka, hakimu anamwachia mtu. Hana swali la kuuliza zaidi ya kama mshitakiwa ameelewa. Akauliza hilo. Mzee Farajala akalitoa kwa Kiswahili, mimi nikampa Kiyimba kwa Luganda: "Shtaka dhidi yako limeondolewa. Umeelewa?"

Nnalongo alipiga vigelegele. Nyuma, yule wa viatu aliteremsha mguu.

Kiyimba alivuta pumzi. Kisha akamtazama Hakimu, akasema kwa Luganda, kwa sauti ileile ya kwaya, "Ssebo, wewe ni mbwa." Alisema ssebo, yaani bwana, kwa mazoea ya adabu. Akaendelea, kila neno likimtoka kama jino. "Ni mbwa mzee asiye na meno. Hukumu zako ni karatasi za kufungia karanga. Mama yako alizaa hasara."

Watu wa benchi za mbele, waliokuwa wanajua Luganda, waligeuka kutazamana. Nnalongo alifunga mdomo wake kwa shati. Wale watatu walikuwa watu wa mbali, Luganda hawakuijua. Walitazama huku na huku. Hakimu naye hakuelewa. Wote walikuwa wananingoja mimi.

Nami nikafanya nilivyofundishwa. Nilisema, kwa sauti ndogo, "Mheshimiwa, mshitakiwa ametumia maneno yasiyofaa."

Nikamwona Kiyimba akifumba macho. Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa anakitafuta, na kwamba desturi yetu ya huruma imemfungulia mlango wa mbele.

Mzee Farajala hakuitafsiri sentensi yangu. Hakimu alimtazama Mzee, akamtazama Inspekta, akalitazama benchi la nyuma, kisha akanigeukia mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi aliniambia kwa Kiswahili, "Maneno gani? Mahakama inataka kuyasikia. Sema kama alivyosema yeye."

Nilisimama wima. Sitajidai kwamba niliacha kuogopa. Lakini nilikuwa na neno moja la kushika, lile la "mimi", nikaingia ndani yake kama nilivyokuwa nikiingia stoo ya baba.

"Wewe ni mbwa!" nilimwambia Hakimu. "Mbwa mzee asiye na meno! Hukumu zako ni karatasi za kufungia karanga! Mama yako alizaa hasara!"

Ile ssebo niliiacha. Mnihukumu kwa hilo mkitaka.

Sauti ilijaa chumba chote. Mzee Farajala, bila kupepesa jicho, aliyarudia yote kwa Kiingereza safi cha taratibu, kama anayetangaza saa za treni. Hakimu aliandika. Kalamu yake ilitoboa karatasi.

Yule wa viatu alikuwa wa kwanza kuelewa kinachotaka kutokea. Alisimama. "Wewe mutu!" alimpigia kelele Kiyimba. "Omba musamaha! Omba musamaha haraka!"

Na Nnalongo, machozi yanamtoka, naye alikuwa amesimama, akimlilia kwa Luganda, "Omba msamaha, mwanangu! Bambi, tafadhali, omba msamaha twende nyumbani!"

Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na sijasikia tena kitu kama kile. Mama aliyemzaa na mtu aliyekuja kumwua, kwa lugha mbili, walimwomba jambo moja. Ilikuwa kazi yangu kumtafsiria mmoja wao, lakini Kiyimba alijua lugha zote mbili na hakumgeukia hata mmoja. Alimtazama Hakimu tu.

Sheria ya wakati ule iliruhusu aulizwe kama anajuta. Akijuta angeonywa na kuachiliwa. Hakimu hakumwuliza. Alisema shtaka la redio limeondolewa, na kwa kudharau mahakama hii mbele ya macho yake anampa kifungo cha juu kabisa ambacho sheria inakiruhusu, kinaanza sasa hivi, mpelekeni.

"Huyu mutu ni yetu," yule wa viatu alisema, akija mbele. "Kesi yake nakwisha. Sisi nachukua yeye."

"Huyu ni mfungwa wa magereza," Hakimu alisema, naye alilisema kwa Kiswahili ili lisihitaji mkalimani. "Amenitukana mimi na mama yangu. Wewe ungemwachia?"

Walitazamana. Nadhani lile swali ndilo lililomwokoa Kiyimba, kwa maana lilimgusa yule kijana mahali alipopaelewa. Mtu aliyetukaniwa mama ana haki ya kulipiza kwanza. Alisita, na katika kusita kwake mlango wa nyuma ulifunguliwa na kufungwa. Lori liliondoka kabla ya wakati wake, likawaacha mahabusu wengine waliokuwa wanalisubiri.

Alipokuwa anatoka, yule wa viatu alisimama mbele yangu. Alinukia marashi. "Wewe mukalimani," aliniambia akitabasamu, "wewe natukana muzuri sana. Siku moja utakuja kutukana kwetu, tusikie." Akanipiga bega kidogo, akaenda.

Aliyefuata alikuwa Nnalongo. Hakunipiga bega. Alinitemea mate miguuni. "Mwanangu alisema polepole," alisema. "Wewe ndiye uliyepiga kelele. Wewe ndiye uliyemfunga." Akaondoka na shati lake, na kwa muda mrefu baadaye, nilipopita njiapanda kwenda kazini, alikuwa akigeuza uso kwenye magunia ya mkaa. Salamu zangu walizipokea majirani. Sikuweza kumweleza, kwa sababu mkaa wake uliuzwa kwa kila mtu, na wanajeshi nao walipika.

Kifungo kilikuwa kifupi kuliko tulivyotaka. Lakini magereza walimhamishia Kiyimba shamba lao la mbali, na siku yake ilipofika alitokea lango la kule, ambako hakukuwa na gari chini ya ukuta. Hakurudi Kampala. Alivuka mpaka, akapiga rangi mabasi ya watu wengine mpaka serikali ile ilipoanguka.

Nnalongo aliambiwa ukweli na mwanawe mwenyewe, alipofunga safari kwenda kumwona kule shambani. Aliporudi alipita dukani kwa baba. Mimi, kama kawaida, nilikuwa stoo. Nilimsikia akimwambia baba kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Mtoto wako ana mdomo mchafu sana. Mpe hii." Lilikuwa gunia la mkaa. Tangu hapo aliniitikia salamu, ila hakuwahi kulitaja jambo lile tena, wala mimi.

Inspekta Wafula alihamishwa. Hakimu alikaa nasi kidogo, kisha Jumatatu moja kiti chake kilikuwa kitupu. Wengine walisema amekimbilia kwao na kuvuka mto wa mpakani, wengine walisema mengine. Siku ile ya tusi, watu walipoondoka, Mzee Farajala alimpelekea chai ofisini akamkuta amekaa na kikombe cha jana. Hakimu alimwuliza jambo moja tu: "Yule kijana wako, yale yote yalikuwa ya mshitakiwa, au aliongeza?" Mzee akamjibu hakuna kilichoongezwa. "Vizuri," Hakimu akasema. "Mama yangu yuko hai, unajua. Atacheka."

Sasa nirudi kwenye hukumu yenu mpya. Msidhani nalilia yale madaraka. Nimewaona mahakimu wengine, miaka ya amani, wakimfunga mwanamke kwa sababu mtoto wake alilia, na mzee kwa sababu hakusikia jina lake likiitwa. Kwa hao, hukumu hii imechelewa. Nafasi ya kujitetea na kuomba msamaha ni jambo zuri, lakini ni zuri pale ambapo nje ya lango kuna kituo cha teksi na wauza chapati tu. Aliyeiandika hukumu hii ameandika kwa nchi ya namna hiyo, nami naomba iendelee kuwa hivyo. Ninachosema ni kidogo: Kiyimba alifungwa papo hapo, bila kusikilizwa, na hakimu aliyekuwa mlalamikaji na shahidi wa kesi yake mwenyewe. Kwa kila kipimo mnachofundishwa ilikuwa hukumu mbaya. Ni mpiga rangi huyo aliyenifundisha mimi kwamba kabla ya kupima hukumu ni vizuri kwanza kutazama nani amekaa benchi la nyuma.

Na juu ya desturi yetu ya kulainisha matusi, hapa sijui niwashauri nini. Ilikuwa ya huruma, iliwaokoa wengi, na karibu imwue mmoja. Ninyi mnafanyaje siku hizi? Niandikieni, kupitia chumba cha wakalimani, watanifikishia. Aliyefanya kazi mahakama nyingine miaka ile aniambie kama nao walikuwa na mlango wa nyuma, na aliyepata kusikia habari za Hakimu wangu mwenye kipara asiache kuniambia hata kama ni mbaya. Barua zenu nitazijibu, ingawa itachukua muda. Na kama kuna anayeona mkalimani huyu mzee ameandika upuuzi, aniandikie kwa maneno yaleyale aliyoyasema moyoni. Asinilainishie.